Barua ya wazi kwa wakubwa wa elimu ya juu: darasa mmelihamishia kwenye bando letu

Kwa Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia, kwa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania), kwa Makamu Wakuu wa vyuo vyote, kwa TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania) na kwa Bodi ya Mikopo. Wa mitandao ya simu nanyi someni, inawahusu.

Shikamooni wakubwa zetu.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, nasomea ualimu, Hisabati na Jiografia. Chuo sikitaji kwa sababu nataka kumaliza kwa amani, na pia kwa sababu nikikaa na washkaji wa vyuo vingine tukianza kulalamika utadhani wote tunasoma chuo kimoja. Niseme mapema sipingi kusoma mtandaoni. Najua mkiona barua ya mwanafunzi mnawaza hawa wanataka tu kurudi kwenye vimbweta wapige stori, hapana jamani, mi ni wa wale waliokuwa fomu foo mwaka 2020, shule zimefungwa Machi 17 tumekuja kurudi Juni 29 na mtihani wa taifa unatusubiri mwaka uleule, na kilichonivusha ni vipindi vya redioni na simu ya kaka yangu yenye kioo kilichopasuka, kwahiyo faida ya kusoma bila kuwepo darasani naijua kuliko wengi wanaoitolea hotuba.

Shida yangu ni moja. Darasa mmelihamisha, gharama zake mmetuachia sisi, na hamna karatasi yoyote ya chuo iliyoandika kwamba kuanzia sasa mwanafunzi ndo atalipia ukumbi.

Maana tuongee ukweli. Kipindi kikiwa ukumbini nani analipa umeme, projekta, kiti nilichokalia, mlinzi wa mlangoni, ile feni isiyozunguka? Chuo, kupitia ada. Kipindi kikihamia Zoom au Google Meet ukumbi unabaki mtupu, taa zimezimwa, ada iko palepale haijashuka hata mia, alafu ukumbi mpya naununua mimi kwa MB.

Tupige hesabu, si ndo ninachosomea. Lekcha iliyorekodiwa kwa video ya kawaida tu, ile ya megabiti moja kwa sekunde, inakula kama MB 450 kwa saa. Kipindi cha mubashara watu wamewasha kamera kinaweza kuvuka GB 1 lakini sitaki muone natia chumvi, tuchukue hiyo ndogo. Tuseme kozi sita, kila moja saa mbili mtandaoni kwa wiki, hapo ni saa 12, sawa na GB 5.4. Bando tulikadirie buku mbili kwa GB, na hapo nimewabeba kabisa wa mitandao, inakuja shilingi 10,800 kwa wiki. Bumu, yaani hela ya mkopo ya kula na kulala, ni shilingi 10,000 kwa siku. Kwahiyo kila wiki kuna siku moja nzima natakiwa nisile wala nisilale ili nisome. Zidisha wiki 15 za semista, zidisha semista mbili, unapata 324,000. Hela ya vitabu na viandikwa tunayopewa na Bodi ni 200,000 kwa mwaka. Yaani bando limeshameza vitabu vyote, limemeza na kalamu, na bado linadai.

Na hiyo buku mbili ni ya mwenye uwezo wa kununua bando la mwezi kwa mkupuo. Mwanafunzi wa kawaida ananunua la jero, la buku, la masaa 24, ambalo ukilipigia hesabu ya GB ni ghali zaidi, na saa yake ikifika linakufa hata kama hujaligusa. Ndo maana ukipita hosteli zetu saa nane za usiku unakuta mwanga wa simu kila kitanda. Mnaweza kudhani watu wanaangalia muvi, na wapo kweli wanaoangalia, ila wengi wanashusha lekcha maana bando la usiku ndo lenye unafuu. Mtu lekcha ya mchana anaisikiliza saa nane usiku, saa moja asubuhi ana kipindi cha ana kwa ana, alafu mnatuuliza mbona kizazi hiki kinasinzia sana darasani.

Msikimbilie kusema basi Bodi iongeze kipengele cha bando. Kwenye mkopo kuna chakula na malazi, ada, vitabu na viandikwa, mahitaji maalumu ya kitivo, mafunzo kwa vitendo na utafiti, bando halimo na mi sitaki liwemo. Mkopo ni deni. Nikipata ajira nakatwa asilimia 15 ya mshahara mpaka liishe, sasa nikatwe miaka yote hiyo kwa ajili ya MB zilizokufa nikiwa nimelala? Tena yule ambaye mkopo alikosa, na tunao wengi tu, ndo atabaki hana kitu kabisa.

Alafu kuna hili la kodi ambalo sijasikia mtu akilisema kwenye vikao vyenu. Sheria yetu ya VAT ya 2014 imesamehe huduma ya elimu, na vitabu pia vimesamehewa, jambo zuri. Lakini bando lina VAT na juu yake lina ushuru wa bidhaa. Maana yake lekcha ileile, ya lekchara yuleyule, nikiisikilizia ukumbini serikali hainitozi kitu, nikiisikilizia kwenye simu natozwa kodi aina mbili. Siamini kuna mtu alikaa akapanga iwe hivyo kwa makusudi. Nadhani hakuna aliyeangalia tu, maana wanaopanga wana waifai ofisini na wana waifai nyumbani, bando kwao ni kitu cha njiani.

Na msiseme haiwezekani. Afrika Kusini mwaka 2020 serikali iliagiza mitandao ya simu ifungulie tovuti za elimu zisikate bando, na wanafunzi wa vyuo vya umma wakawa wanapewa GB 30 kwa mwezi, 10 za mchana na 20 za usiku. Mtasema wale wana uchumi mkubwa, sawa, ila hata hapa kwetu Aprili 2021 bei mpya za bando zilipotangazwa watu wakapiga kelele na serikali ikazisitisha chap. Kumbe mkitaka bando linasikia.

Sasa tuje kwenye hicho tunachokinunulia bando.

LMS (mifumo ya kusomea mtandaoni) za vyuo vyetu vingi zimejengwa juu ya Moodle, programu huria iliyoanza kutolewa 2002, chuo chochote duniani kinaichukua bure na kuikata ikae kwa vipimo vyake. Mi na Moodle sina ugomvi kabisa. Ugomvi wangu ni jinsi ilivyogeuzwa stoo. Unaingia kwenye kozi, wiki ya kwanza PDF, wiki ya pili PDF, wiki ya tatu mpaka ya saba hamna kitu, wiki ya nane unakuta PDF sita zimepandishwa usiku mmoja, ukiuliza unaambiwa kulikuwa na ukaguzi. Nyingine ni kurasa za kitabu zilizopigwa picha, kichwa chini miguu juu, MB 48. Tuna mwenzetu haoni vizuri, anatumia TalkBack simu imsomee kwa sauti, akifungua PDF ya hivyo simu inakaa kimya kwa sababu haioni maandishi pale, inaona picha. Darasa zima likilalamikia uzito wa faili yeye analalamikia ukimya. Na lile jukwaa la majadiliano nenda kaangalie, kuna maswali ya Novemba yako pale mpaka leo, hayajajibiwa hata "nimeona".

Kwizi ndo zinauma zaidi maana pale ni maksi. Mwaka jana tulipewa kwizi ya saa tatu usiku, maswali 20 dakika 30, darasa la watu zaidi ya mia tano wote tunafungua dakika ileile. Nimeenda vizuri mpaka swali la 14, la kuchagua, nimegusa jibu C kile kiduara kikaanza kuzunguka. Saa ya kuhesabu juu pale yenyewe haina shida, inashuka kama kawaida, dakika 11, dakika 9, narudi nyuma naambiwa ukurasa haupatikani, nazima data nawasha, natoka koridoni nawakuta wenzangu kibao wameshanyoosha simu juu kama wanasubiri kitu kidondoke kutoka darini, tukabaki tunacheka maana hamna namna. Iliporudi imeandika umeshawasilisha. Maksi zikatoka kwa yale maswali 13. Tulipoenda ofisini kesho yake jibu likawa moja tu, tatizo ni mtandao wako.

Wako! Mfumo ukiwa mzuri ni wa chuo, unaingia kwenye ripoti na kwenye hotuba ya mahafali, mtandao ukiwa mbovu ni wangu. Watu mia tano kugonga seva moja kwa sekunde moja nalo ni langu?

Na kinachoniudhi dawa ziko humohumo ndani ya Moodle. Kuna sehemu lekchara anaweka kwizi ifunguliwe siku tatu, kila mtu achague dakika zake 30 humo ndani, basi ile foleni ya mlangoni inaisha. Kuna sehemu anamfungulia mtu mmoja aliyekwama arudie, bila kugusa wengine. Kwenye app ya Moodle unaweza kushusha notsi ukiwa na waifai ukazisoma nyumbani bila data, na hata kwizi inaweza kufanywa bila mtandao ikajituma yenyewe simu ikishika neti, ilimradi haina kikomo cha dakika na lekchara ameweka tiki kwenye kisanduku husika. Tiki tu! Sasa hizi tiki nani alimfundisha lekchara? Wengi wao walipewa semina ya siku moja, chai na maandazi, wakaonyeshwa pa kupandishia PDF wakaambiwa haya nendeni. Kwahiyo simlaumu lekchara kivile, naye kahamishiwa mzigo kama sisi, tena wengine wanatumia akaunti ya Zoom ya bure, dakika 40 zikifika kipindi kinakatika katikati ya sentensi, tunaingia upya nusu ya darasa hairudi.

Mei 12, 2024, Jumapili, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, intaneti ya nchi nzima ikawa inachechemea na nchi jirani pia. Nilikuwa mwaka wa kwanza. Waziri aliongea, TCRA waliongea, redio zote ziliongea, ikawa habari ya taifa. Lakini tuliokuwa na asaimenti ya kuwasilisha siku zile wapo waliokatwa maksi za kuchelewa, na ukiuliza unaambiwa mfumo ndo umekata, mi sihusiki. Kwenye ukumbi wa kawaida paa likivuja siku ya testi, testi inaahirishwa, hata mlinzi anajua hilo.

Ila nisiwe wa kulalamika tu, maana nimeona kwa macho yangu ikifanyika vizuri, tena bila hela ya mfadhili. Mwaka wa pili tulifundishwa takwimu na mama mmoja, sitamtaja asije akapangiwa kamati. Huyu mama hajawahi kutufanyia Zoom hata siku moja. Kila Jumatatu anaweka sauti yake ya dakika kama 12, amerekodi kwa simu, imebanwa mpaka haifiki MB 3, na chini yake kurasa mbili za maandishi, basi. Kwa wasiojua, sauti ya kilobiti 32 kwa sekunde inasikika vizuri kabisa na saa nzima haifiki MB 15, linganisha na zile 450 za video ambayo muda wote inaonyesha slaidi moja imesimama. Alafu anatupa kazi moja tu. Nakumbuka ile ya bei za mahindi, alitupa bei za wiki kumi za soko mbili, ukitafuta wastani unatoka sawasawa, akauliza mkulima mwenye gunia zake tano na ada ya mtoto ya kulipa mwezi ujao aende soko lipi na kwanini. Jamani grupu letu halikulala. Kuna waliosema wastani ni uleule kwahiyo popote, kuna walioanza kuona kwamba soko moja bei inatulia na lingine leo juu kesho chini, mtu mmoja ambaye nyumbani kwao Kongwa wanauza Kibaigwa akatuma voisi ya dakika nne anaeleza jinsi mzee wake anavyopigwa bei akifika siku mbaya, na mpaka mama alipokuja Alhamisi kueleza mchepuko (kipimo cha namba zinavyoyumba mbali na wastani) ni nini wote tulikuwa tumeshaujua, tulikuwa tunasubiri jina lake tu. Na alikuwa anakuja kweli, Jumanne na Alhamisi saa mbili mpaka saa tatu usiku yuko kwenye jukwaa anajibu, anakutaja kwa jina. Kwenye ukumbi wa watu mia tano hakuna lekchara aliyewahi kunijua jina.

Hiyo ndo elimu ya mtandaoni ninayoitaka. Haikuhitaji kompyuta mpya hata moja.

Mtagundua pia mazungumzo yale ya grupu letu yalikuwa WhatsApp. Darasa halisi la chuo kikuu Tanzania leo liko kwenye grupu la WhatsApp, LMS ni pa kwenda kusaini. Na anayeliendesha darasa hilo ni CR, mwanafunzi mwenzetu anayewakilisha darasa. Lekchara anamtumia CR tangazo saa tano usiku kwamba kesho kipindi kimehama, CR anatupia kwenye grupu, CR anashusha PDF ya MB 48 kwa bando lake anaibana anairudisha MB 3, CR anapigiwa na waliopoteza pasiwedi, CR anakusanya majina ya waliokatwa na kwizi anaenda kusimama mlango wa ofisi akaambiwe mtandao wako. Huyo mtu ni kitengo cha TEHAMA, ni ofisi ya msajili na ni dawati la malalamiko, analipwa lawama. Wa kwetu simu ilimfia storage ikajaa madesa yetu, tukamchangia memori kadi, tulichanga jero jero.

Nitoke nje kidogo niseme na la Turnitin, ile programu ya kukagua kama kazi imenakiliwa. Mnatuambia asaimenti isizidi asilimia fulani ya kufanana, sawa, lakini akaunti ya kuangalia anayo lekchara, mwanafunzi hana. Kwahiyo kabla ya kuwasilisha tunaenda steshenari za nje ya geti kulipia kucheki, kuna jamaa sijui akaunti kaipata wapi, mi sikuuliza. Ripoti inarudi nyekundu kwenye jina la chuo, kwenye kichwa cha swali na kwenye marejeo, yaani vitu ambavyo lazima vifanane. Hata kuthibitisha kwamba hujaiba unalipia. Na tangu 2023 kimeongezwa kipimo cha kusema hii imeandikwa na AI, na mwaka huohuo watafiti wa Stanford walipima vigunduzi saba vya aina hiyo, vya makampuni tofauti, vikawasingizia zaidi ya nusu ya insha za TOEFL (mtihani wa Kiingereza kwa wageni wa lugha hiyo) zilizoandikwa na watu wasiozaliwa na Kiingereza. Sisi Kiingereza tumekutana nacho kama lugha ya kufundishia tukiwa fomu wani. Wakubwa, kabla hamjaanza kufelisha watu kwa kipimo cha namna hiyo, tunaomba kwanza muulize kimepimwa kwa nani.

Kwanini nayasema haya wakati nimebakiza muda mfupi kumaliza? Kwa sababu mwakani mi ndo nitakuwa mwalimu na najua nini kinanisubiri. Nilipoenda BTP (mafunzo ya ualimu kwa vitendo), shule ya sekondari ya kata, maabara ya kompyuta ipo, imefunguliwa na mgeni rasmi, kompyuta zimefunikwa vitambaa zisiingie vumbi, ufunguo anao mkuu wa shule na mkuu wa shule yuko kikao. Kilichokuwa kinafanya kazi ni kishikwambi cha mwalimu wa Jiografia, vile vilivyotumika kwenye sensa ya 2022 alafu vikagawiwa kwa walimu. Yule mwalimu Jumamosi anapanda mpaka mjini, anashusha vitabu kutoka maktaba mtandao ya TET (Taasisi ya Elimu Tanzania) kwa hela yake, Jumatatu anapita na kishikwambi dawati kwa dawati akionyesha picha ya bonde la ufa, watoto wanasukumana waone. Hela yake! Mshahara wake! Kwahiyo huu mchezo wa kumwachia bando mtu wa chini mwanzo wake siyo chuo na mwisho wake siyo chuo.

Ninachoomba siyo kikubwa. TCRA na mitandao ya simu kaeni na vyuo, tovuti za LMS, za maktaba za vyuo na ile ya TET zifunguliwe zisikate bando, anwani zenyewe zinajulikana, nyingi zinaishia na ac.tz, siyo kazi ya kuunda tume. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote tunao kwa sheria ya tangu 2006, na kama kuna watu wa kuitwa "wote" basi mwanafunzi aliyerudi likizo Kakonko ni mmojawapo. Wizara ya Fedha nayo iitwe kwenye hicho kikao iulizwe hilo la kodi. Tukiwa likizo tufungulieni milango ya vituo vya Chuo Kikuu Huria, wale wana vituo mikoani, wamekuwa wakifundisha watu wa mbali tangu miaka ya 90 na ujanja wanao, nikifika na kitambulisho changu nikae kwenye kiti nishike waifai nishushe notsi za wiki nzima niondoke, nani anaumia?

Vyuo nanyi, wekeni kanuni kwamba kila lekcha ya video iwe na sauti yake pembeni na maandishi yake yanayosomeka, anayetaka video aangalie, asiyeweza asikose. Kwizi zisifunguliwe saa tatu usiku wakati kitengo cha TEHAMA kimefunga ofisi tangu saa tisa na nusu alasiri, au kama lazima iwe usiku basi awepo mtu anapokea simu. Dedilaini iwe saa sita mchana, siku ya kazi, mkikwama tuwaone na tukikwama mtuone. Lekchara afundishwe zile tiki, afundishwe na yule mama wa takwimu kama anakubali, na apewe akaunti ya Zoom iliyolipiwa au BigBlueButton, programu ya vipindi vya mubashara ambayo iko ndani ya Moodle tangu toleo la 4.0 na ni ya bure. CR apewe bando na chuo. Siyo cheti, bando.

Na mradi wa HEET, ule wa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 kwa ajili ya elimu ya juu, majengo tunayaona yanapanda na yanapendeza kweli, hongereni. Deni lile tutalilipa sisi kizazi hiki. Basi wekeni wazi kila chuo fungu la TEHAMA limeenda wapi, kiasi gani kimeishia kwenye seva na nyaya za ofisini na kiasi gani kimefika kwenye simu ya mwanafunzi aliye kitandani hosteli ghorofa ya tatu ambako waifai ya chuo inaonekana jina tu.

Naambiwa barua kama hizi huwa zinajibiwa kwa waraka. Mkijibu tunashukuru, ila tafadhali msiupandishe kwenye tovuti ukiwa umeskaniwa. Mtumieni CR, wa darasa lolote lile, andikeni kwenye meseji ya kawaida, mpaka jioni tutakuwa tumeshausoma nchi nzima.